Tumechoka Kuchorwa Tukinawa Mikono

Jamani, leo tunasema bila kuzunguka. Kambini kwetu katuni ziko nyingi. Ziko kwenye ukuta wa zahanati, ziko kwenye milango ya vyoo, ziko kwenye vipeperushi tunavyogawa sisi wenyewe tukiwa tumevaa vizibao vya kujitolea. Na katika katuni zote hizo mkimbizi ana kazi tano tu: ananawa mikono, analala ndani ya chandarua, anapanga foleni, anaripoti ukatili, anatabasamu. Basi. Hajawahi kuruka angani. Hajawahi kwenda sayari nyingine wala kutengeneza mashine. Hajawahi kupambana na adui mwenye akili kuliko yeye. Hata jina mara nyingi hana, anaitwa "Mama" au "Kijana".

Sisi vijana wa kundi hili tunadai kitu kimoja. Tupewe nafasi ya kuandika na kuchora hadithi zetu za kubuni, za mashujaa na sayari na miaka ijayo, na majina yetu yaandikwe juu ya kazi zetu. Tena isiwe mchezo wa Siku ya Wakimbizi tarehe 20 Juni, picha zinapigwa, wageni wanapanda magari, na karatasi zinaishia stoo.

Msituelewe vibaya. Katuni za afya hatuzipingi hata kidogo. Wenzetu waliotoka Burundi mwaka 2015 na kukwama Kagunga, kile kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu wanakijua vizuri, hawakusimuliwa. Watu walikufa. Mtu aliyeona hayo hawezi kucheka bango la kunawa mikono.

Tunajua pia kwamba hata Superman alishapewa kazi ya aina hii. Mwaka 1996 UNICEF na kampuni ya DC Comics walitoa kitabu cha Superman kwa ajili ya watoto wa Bosnia, kuwaonya wasiguse mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita. Ni kazi nzuri. Lakini hebu tazameni mpangilio wake. Superman aliweza kupewa kazi hiyo kwa sababu alikuwa na karibu miaka 60 ya visa na vituko, watoto wanamjua na wanamtaka. Hadithi ilitangulia, somo likafuata. Kwetu somo linafika kila wiki, hadithi haijafika mpaka leo.

Majirani zetu Wakenya walilielewa hilo mapema. Mwaka 2010 walianzisha katuni ya Shujaaz, kwa Sheng, lugha ya vijana wenyewe. Shujaa wake ni Boyie, kijana aliyemaliza shule, hana kazi, akaamua kurusha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Ndani yake kuna mafunzo ya kilimo, ya biashara, ya siasa. Lakini msomaji anafungua ukurasa kwa sababu anataka kujua Boyie atafanya nini sasa. Kwani ni vigumu kiasi gani kumpa kijana wa kambini shujaa wa namna hiyo?

Sasa tumzungumzie Superman vizuri, maana wengi tunamwona kwenye fulana za mitumba na hatujui alikotoka. Sayari yake, Krypton, inaharibika. Wazazi wanamweka mtoto ndani ya chombo kidogo na kumtuma peke yake. Anaangukia Marekani, kwenye shamba huko Kansas. Hana ndugu, hana karatasi yoyote. Anapewa jina jipya, anajifunza kuficha alivyo ili watu wasimwogope. Jamani, huyo ni nani kama si mkimbizi? Tena mtoto asiye na mlezi, wa kuandikishwa kwenye dawati la ulinzi wa watoto!

Na si bahati mbaya. Waliombuni ni vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya. Superman alitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1938, kwenye toleo la kwanza la Action Comics. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kujadili Wayahudi waliokuwa wanakimbia Ujerumani ya Hitler. Zilisikitika sana. Kisha karibu zote zikasema haziwezi kuongeza wakimbizi. Viongozi wakubwa walikaa mezani wakakosa nafasi ya mkimbizi, na vijana wawili wenye penseli wakamchora mgeni asiye na kwao kuwa ndiye anayeokoa mji mzima.

Kuna watakaotujibu: mgao wa chakula umepungua, nyinyi mnaongelea watu wanaoruka. Tunalisikia hili kwa wafanyakazi wa mashirika, na tunalisikia nyumbani pia. Jibu letu la kwanza ni Siegel na Shuster walewale. Walikuwa wana wa familia maskini, wakati uchumi wa Marekani umeanguka na kazi hakuna. Shuster alichora kwenye karatasi za kufungia vitu dukani kwa sababu karatasi nzuri hakuweza kununua. Kwa hiyo msituambie hadithi za ajabu ni starehe ya walioshiba. Aliyeshiba anazinunua tu. Mara nyingi anayezibuni ni yule ambaye dunia aliyonayo haimtoshi.

Jibu la pili tunawapa wazee wetu, wanaosema haya ni mambo ya uongo na utoto. Shikamooni, wazee. Lakini nani alituambia kwamba sungura anaongea na kumdanganya fisi? Nani alitusimulia zimwi linalomeza kijiji kizima mpaka mtoto mmoja anawatoa watu wote tumboni wakiwa hai? Ni nyinyi, usiku, kwenye moto. Hamkutuambia hayo kwa sababu tulikuwa tumeshiba. Mlijua mtoto aliyeogopa anahitaji kusikia kwamba zimwi linaweza kupasuliwa.

Jibu la tatu ni kwa wote wanaodhani hadithi hizi hazituhusu. Ile filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 mnaikumbuka. Wakanda ni nchi ya Afrika yenye madini ambayo dunia nzima ingeyataka, vibranium, na imejificha ili isiporwe. Kwa mtu wa Marekani hayo ni mambo ya kubuni. Kwa sisi tuliotoka Kivu, ambako koltani inachimbwa na bunduki ziko karibu na mashimo, nusu yake ni habari za kawaida. Kitu cha kubuni kwetu ni kile kipande cha kujificha na kufanikiwa.

Na ndani ya filamu hiyo kuna W'Kabi, rafiki wa mfalme, anayemwonya kwamba wakiruhusu wakimbizi waingie, wataingia na matatizo yao. Ukumbi wa video pale kwetu ulinyamaza kwenye maneno hayo, kisha zogo likaanza. Wengine wakasema W'Kabi ana haki ya kulinda nchi yake. Wengine wakasema Wakanda ina kila kitu, inaogopa nini? Binti mmoja akauliza: mbona hatumuoni hata mkimbizi mmoja anayebisha hodi, ili naye aseme? Huo ulikuwa mjadala mkali kuliko warsha zote tulizokalia kuhusu kuishi kwa amani na jamii inayotupokea. Hakuna aliyelipwa posho ya kuhudhuria.

Swali la yule binti ndilo madai yetu. Mkimbizi anayebisha hodi Wakanda nani atamwandika? Wanaotengeneza filamu kule Marekani wana yao. Aliyebisha hodi ni sisi.

Msiseme watu wetu hawawezi. Barly Baruti ni mtoto wa Kisangani, na vitabu vyake vya katuni vimechapishwa Ulaya. Mwaka 2014 alichora kitabu kinachoitwa Madame Livingstone, kuhusu Vita Kuu ya Kwanza kwenye Ziwa Tanganyika. Ndani yake Wabelgiji wanaitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ili waizamishe. Meli hiyo mnaijua. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaja kuiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo hiyohiyo Liemba iliyobeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma mwaka 2015.

Fikirini hapo kidogo. Meli imetengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipandevipande, ikazama, ikafufuka, ikabadilishwa jina, na baada ya miaka mia moja inawabeba watu waliokimbia na magodoro kichwani. Hata Hollywood wangeambiwa wabuni hiyo wangeona imezidi. Na miongoni mwetu kuna watu waliopanda meli hiyo wakiwa watoto. Sura ya mwisho ya Liemba ni yao kuichora, lakini hakuna aliyewapa hata rula.

Sasa tunakuja kwenye jambo linalouma. Vijana wanaochora kambini wapo, na mashirika yanawajua, maana wanaitwa kila bango linapohitajika. Shirika moja, hatulitaji, lilimwita mwenzetu achore kurasa 12 za kijitabu. Alichora wiki tatu. Alipewa posho ya kujitolea ya kawaida, soda na cheti. Kijitabu kilipotoka kilikuwa na nembo tatu kubwa za wafadhili kwenye jalada, na jina lake halikuwepo hata kwa herufi ndogo nyuma. Alipouliza, akaambiwa kazi ni ya jamii nzima. Nembo je, mbona hizo si za jamii nzima?

Wengine watasema ni jambo dogo. Haya, turudi kwa Siegel na Shuster. Waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Kampuni ikatajirika, na majina yao yakaja kuondolewa kwenye hadithi walizozianzisha wenyewe. Walikwenda mahakamani na kushindwa, wakazeeka kwa shida, Shuster akiwa karibu kipofu. Ni mwaka 1975 tu, miaka 37 baadaye, baada ya wachoraji wenzao na waandishi wa habari kupiga kelele, ndipo kampuni ilikubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao. Kama waliombuni shujaa maarufu kuliko wote walifanyiwa hivyo nchini kwao, wakiwa na mahakama na magazeti, mkimbizi asiye na kibali hata cha kutoka nje ya kambi atajitetea na nini?

Kwa hiyo, kaka na dada zetu wa mashirika, hatuwaombi mamilioni. Madai ni haya.

Moja, kila mchoro wa kijana wa kambini uwe na jina lake, isipokuwa yeye mwenyewe akatae kwa sababu ya usalama wake. Kuweka jina hakuhitaji bajeti.

Mbili, kabla hajachora, aambiwe kwa lugha anayoielewa kazi itatumika wapi na ni ya nani. Aandikiwe karatasi, abaki na nakala. Mnatusainisha fomu kwa ajili ya sabuni, hamuwezi kushindwa fomu ya haki ya mchoraji.

Tatu, katika kila kijitabu cha mafunzo mnachochapisha, tuachieni kurasa nne za mwisho. Msizipangie mada. Msitupe ujumbe muhimu wa kuingiza. Kama kijana anataka kuandika kambi iliyojengwa kwenye mwezi, ambako mgao wa hewa unacheleweshwa na watu wanaenda kuuliza ofisini, mwacheni. Mtajifunza mengi juu ya kambi kuliko kwenye madodoso yenu.

Na sisi kwa sisi tuambiane ukweli pia. Tunajua majina ya mashujaa wote wa Marvel, tunabishana nani angempiga nani, lakini tukiambiwa tubuni mmoja wa kwetu tunasema hatuna kipaji. Acheni hizo. Lufufu alikaa na kipaza sauti chake Tanzania akazisimulia filamu za watu kwa Kiswahili, akaongeza utani wake, na watu wakazipenda zaidi hivyo. Hakusubiri ruhusa ya Hollywood. Daftari tunalo, kalamu ipo. Anayejua kuchora akae na anayejua kuandika, kama walivyokaa wale wawili wa Cleveland.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine kati yetu tuko hapa zaidi ya miaka 10, na wadogo zetu wamezaliwa hapahapa. Siku ya tatu ilishapita zamani. Jembe letu ni penseli, tupeni. Na mkichelewa kutupa, daftari la kwanza limeshaanza kuzunguka kambini. Jina la mchoraji liko kwenye jalada, kwa herufi kubwa.