Muuza filta, mfundishe mteja kuifunga mwenyewe

Wauza spea wenzangu wa mtandaoni, hii tabia ya kumwambia mteja "chukua filta ya hewa, fundi atakufungia" mi naona inatunyima mauzo. Anapiga hesabu ya filta na hela ya fundi, anaahirisha. Anaenda kuipuliza ya zamani kwa upepo mpaka karatasi inatoboka.

Kazi yenyewe haifiki dakika 10. Toyota nyingi ndogo boksi la filta limeshikwa na klipu tu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, unafungua, unatoa ya zamani taratibu vumbi lisidondokee bomba la injini, unafuta boksi, unaweka mpya. Mpira wa pembeni ukae sawa pande zote, maana ukibaki mwanya vumbi linaingia moja kwa moja. Mrekodie video fupi, mtumie WhatsApp. Mafundi watanuna, najua, ila kazi kubwa bado zao.

Halafu tuache matangazo ya "filta mpya, mafuta nusu". Si kweli. Gari za injeksheni, kompyuta inapima hewa inayoingia na kupunguza mafuta yenyewe. Filta iliyoziba inaua nguvu, gari inachoka mlimani. Sema hivyo hivyo, mteja atarudi.

Na kabla hujatuma mkoani omba namba ya chesisi na picha ya filta ya zamani. Filta za hewa za Toyota namba zake huanza na 17801, tarakimu zinazofuata ndo zinatofautisha. Ukituma isiyoingia, nauli ya basi kwenda na kurudi inakula faida yote.

Nani humu anatuma video na mzigo? Wateja wanasemaje?