AFCON 2027: Tiketi Tunayo, Timu Je?

Wasee wa Makongeni, tuambiane ukweli kabla jezi hazijapanda bei. AFCON 2027 tunaingia kwa sababu sisi ni wenyeji, pamoja na Uganda na Tanzania. Basi. Hakuna mtu tulimfunga ndio tufike hapo.

Najua mtanitajia CHAN. Sawa, Agosti 2025 ilikuwa tamu. Morocco tuliwachapa 1-0 tukiwa 10 uwanjani! Lakini CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, na hata huko tulicheza mechi 5 tukapata mabao 5. Robo fainali Madagascar wakasawazisha kwa penalti, wakatutoa kwa penalti, tukarudi Thika kwa mathree kimya na vuvuzela zetu. Septemba Gambia wakaja hapo hapo Kasarani wakatufunga 3-1. Novemba, Senegal 8, Kenya 0. Nane, jameni.

Mara 6 tumecheza AFCON tangu 1972 na hatujawahi kutoka kwa makundi. Utabiri wangu: tutapaki basi, tupate sare moja, tuanze kushika kalkuleta, halafu kwaheri.

Ile ya Senegal ilikuwa mechi ya kirafiki kule Uturuki, na wengi mlitaka watu wafutwe. Mimi nataka zingine 5 kama hiyo. Afadhali tuaibike huko mbali sahii, kuliko Kasarani mbele ya watoto wetu.

Na ndio, nitaenda. Nauli nishaanza kuweka.