Tatizo limo kwenye udongo

Kuna jambo moja napinga katika makala kuhusu vijidudu wanaoruka kwenye maua ya ndani ya nyumba. Kupuliza dawa ya mbu sebuleni hakutawamaliza vijidudu hawa. Hao weusi wanaorukaruka dirishani ni wazazi tu, na huishi kama wiki moja hivi. Kizazi chenyewe kimo ndani ya kopo la maua, kwenye sentimita 5 za juu za udongo: mabuu membamba meupe yenye kichwa cheusi kinachong'aa. Hula ukungu na majani yaliyooza, na yakizidi hutafuna mizizi michanga. Miche ndiyo huumia zaidi. Ukitaka kuyaona, laza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, kisha kifunue baada ya siku mbili tatu.

Cha kwanza ni kuacha udongo wa juu ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena, na maji yaliyotuama kwenye kisahani yamwagwe. Jamani, tuyahurumie maua yetu, tunayazamisha! Kadi za njano zenye gundi hunasa wanaoruka, lakini peke yake hazitoshi. Mwenye tatizo sugu atafute dawa ya bakteria iitwayo Bti, ileile inayoua viluwiluwi vya mbu, aichanganye kwenye maji ya kumwagilia. Haiui mayai, hivyo rudia kila wiki kwa mwezi mzima, maana kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua wiki 3 hadi 4. Na samadi ambayo haijaiva isiingie ndani ya nyumba.