Propela ya Kaboni Haitakuokoa Mai Mahiu

Wasee wa Subaru, leo mtanikasirikia na ni sawa. Hii mambo ya propela nyepesi imezidi. Kila mara kuna mtu kwa inboksi: "Buda, nikitoa propela ya chuma niweke ya alumini ama kaboni, gari itaongeza nguvu kiasi gani?" Sufuri. Propela haitengenezi nguvu. Inabeba tu nguvu kutoka gia boksi hadi difu ya nyuma. Injini ndiyo mpishi, propela ni weita. Ukibadilisha weita, chakula kwa sahani hakiongezeki.

"Lakini inapunguza uzito unaozunguka!" Hiyo laini kila muuzaji ameishika, na inasikika kama sayansi. Basi tupige hesabu.

Tuseme propela mpya imekupunguzia kilo 5. Kitu kinachozunguka kinasumbua injini kulingana na uzito wake na umbali wa huo uzito kutoka katikati, na umbali unahesabiwa mara mbili, yaani unauzidisha kwa wenyewe. Sasa angalia propela: ni bomba jembamba, kutoka katikati hadi ukingoni ni kama sentimita 3 na nusu. Gurudumu lako ni zaidi ya 30. Ni kweli propela inazunguka haraka kuliko gurudumu, takriban mara 4, na hiyo nimeiweka kwa hesabu. Ukimaliza, zile kilo 5 zinafanya kazi kama kilo 6. Hiyo "nguvu ya mzunguko" unayouziwa ni kilo moja ya ziada.

Kilo 6 ni lita 8 za petroli. Yaani ukienda sheli na usijaze tenki, uache lita 8, umepata faida ile ile, bure. Impreza yenye dereva ndani inakaribia kilo 1,470, kwa hivyo umepunguza kama asilimia 0.4. Gari iliyokuwa inafika 100 kwa sekunde 6 sasa inafika mapema kwa chini ya sehemu 3 za mia moja ya sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko hapo. Na bei? Weka usafiri na ushuru, ile ya kaboni inakaribia bei ya bodaboda mpya.

Najua kuna mwenye ataniletea video ya daino, namba imepanda. Daino nyingi zinapima nguvu kwa kuangalia gari inaharakisha ngoma nzito kwa kasi gani. Ukipunguza chochote kinachozunguka kati ya injini na ile ngoma, namba inasonga kidogo. Injini haijaongeza hata farasi mmoja.

Halafu kuna mwenye atasema kampuni kubwa zinatumia. Ndiyo, Nissan 350Z ilitoka kiwandani na propela ya kaboni, Mazda RX-8 pia. BMW waliiweka kwa M3 na M4, halafu 2017 wakarudisha ya chuma kwa sababu walihitaji nafasi ya kichujio cha moshi. M3 haikugeuka Vitz.

Kitu chenye hakuna mtu anakuambia ni kwa nini propela yako ya kawaida iko vipande viwili na beringi katikati yenye raba. Ukienda 110, hiyo bomba inazunguka zaidi ya mara 3,500 kwa dakika. Bomba refu likizunguka hivyo huanza kupinda katikati kama kamba ya kuruka. Kugawanya mara mbili kunazuia hiyo, na ile raba inameza mtetemo. Propela nzuri ya kipande kimoja imepigiwa hesabu, ndiyo maana bomba lake huwa nene zaidi au la kaboni. Lakini hapa kwetu kuna mtu atakuambia atakukatia na kukuchomelea kipande kimoja, usawazishaji "utaona mbele". Manze, hicho kitu kiko chini ya kiti chako.

Sasa tuongee ukweli wa gari zenyewe. Tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya dunia 2021, kila mwaka tunateremka Naivasha kwa msururu, mizinga inalia, video zinarushwa. Wengi wanashukia Mai Mahiu. Huo mteremko unaujua: malori polepole, kona, ukuta upande mmoja, upande wa pili bonde. Unakanyaga breki hadi chini, kila baada ya sekunde chache. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya digrii 230. Ikishalewa maji, kiwango kinachohitajika ni 155 tu. Ikichemka inatoa mvuke ndani ya mfereji, na mvuke unabonyezeka. Unakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, na mbele yako kuna matatu ya watu 14. Hao 14 hawakuomba kuwa kwa kontenti yako.

Nimeona gari zenye turbo kubwa, mlio wa kutisha, propela inayong'aa, na tairi za mtumba zimekuwa kipara. Angalia ubavu wa tairi yako, kuna namba 4 mwisho wa ile alama ya DOT. 2316 maana yake ni wiki ya 23, mwaka wa 2016. Pesa ya hiyo propela inatosha tairi nne mpya, pedi, mafuta ya breki, na chenji ibaki ya kula nyama Naivasha. Na kama uzito ndio unakukosesha usingizi, tafuta rimu nyepesi: kilo inayotoka pale ukingoni inahesabika zaidi ya kilo moja.

Lakini mafuta ya breki hayana sura. Sisi watu wa kontenti tunaishi kwa vitu vinavyong'aa, na wauzaji wanajua. Ndiyo maana unaonyeshwa kaboni na hauonyeshwi chupa ya DOT 4.

Simaanishi hakuna mwenye anaihitaji. Kama unakimbiza mashindano na umemaliza kila kitu kingine, weka. Kama krosi za propela yako zimekufa, hapo pia kuna sababu, kwa sababu nyingi za Subaru zimefungiwa kiwandani na hazikutengenezwa zibadilishwe. Ukilazimika kununua nyingine, ya alumini iliyosawazishwa vizuri si mbaya. Njoo inboksi tuongee. Ila nitumie kwanza picha ya zile namba 4.