Harrier au Lexus? Tuonyesheni kwanza kadi ya gari



Msimu wa harusi ukikaribia, swali hilihili huturudia kutoka Unguja, Pemba na Dar. Mchumba ana pesa ya gari moja, yadi ina mawili, Harrier na Lexus RX, yanafanana kama mapacha, na Lexus imezidi kwa milioni kadhaa. Achukue lipi? Mama mkwe anataka hili, shangazi wa upande wa pili anataka lile. Bibi harusi mwenyewe kavuka na boti kuja Kariakoo, yuko mtaa wa Kongo anatafuta mashuka na vyombo, simu sikioni, anasuluhisha ugomvi wa watu wazima. Leo tutasema tunavyofikiri, hata kama baadhi yenu mtanuna.

Ni gari moja. Toyota walianza kuuza Harrier Japani mwishoni mwa 1997, na mwaka uliofuata wakaipeleka Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Japani kwenyewe jina la Lexus halikuuzwa mpaka 2005, kwa hiyo Mjapani aliyelipenda gari lile alinunua Harrier, basi. Toleo la pili, la kuanzia 2003, ambalo vijana wa Dar wamelipa jina la mtaani tusiloweza kuliandika hapa, nalo ni hivyohivyo. RX ya 2009 na Harrier ya mwishoni mwa 2013 ndizo zilizoachana, kila moja ikashika njia yake. Lakini magari mnayotuulizia siyo hayo. Mnatuulizia yale ya zamani kidogo, ambayo tofauti yake kubwa kwa macho ni kwamba moja lina ndege puani na jingine lina herufi L.

Na hiyo L, dada zetu, hubandikwa. Harrier ngapi barabarani zina L mbele na nyuma, na mwenye gari anajua, na fundi anajua, ila bibi harusi ndiye hajui. Dalali akiwaambia "hii ni Lexus", msibishane naye, mwambieni afungue boneti na atoe kadi. Namba ya chesisi ya Harrier ya Japani huanza na herufi chache kisha kistari: ACU30 au ACU35 kwa injini ya 2.4, MCU kwa ya 3.0, GSU kwa ya 3.5. Lexus RX iliyozaliwa Lexus ina namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, ambayo mara nyingi huanza na JTJ ikiwa imetoka Japani, au 2T2 ikiwa imeundwa Kanada. Tena RX za miaka hiyo hazikuwahi kuwa na injini ya 2.4 ya silinda nne. Mkiambiwa "Lexus 2.4", mnauziwa herufi.

Tunajua mtasema tunawadhania watu vibaya. Hapana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha aibu ya bidhaa hubarikiwa, na wakificha baraka huondoka. Anayebandika L ili aongeze bei ameficha. Anayeinunua huku akijua, ili awafiche wakwe, na yeye tumweke wapi?

Haya, tuseme RX ni ya kweli. Tusiwe wabishi: mara nyingi imekuja na injini kubwa ya silinda sita, viti vya ngozi, na vitu vingi ndani. Ni nzuri, mashaallah. Lakini injini ya 3.0 ni mnywaji, na ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Muuzaji akisema gari limetembea 80,000 na mita imerudishwa nyuma, mkanda haujui habari za mita, utakatika tu. Injini ya 2.4 ya Harrier inatumia cheni, nayo ina sifa yake mbaya ya kula oili ikizeeka, kwa hiyo msiliwashe na kulizima palepale yadini. Liacheni lichemke, mkanyage mafuta, mwangalie moshi nyuma. Zipo Harrier na RX zenye shokapu za hewa. Kama gari limelala upande mmoja asubuhi, ondokeni.

Kabla hamjatoa hata shilingi ya kishika uchumba, nendeni Gerezani. Ni hapohapo, mwendokasi inakomea hapo tangu 2016, na mlikuwa Kariakoo tayari. Waulizeni wauza spea watatu tofauti bei ya taa ya mbele, shokapu na bushi, kwanza kwa Harrier ya 2.4, halafu kwa hiyo RX. Injini ile ya 2.4 imo pia ndani ya Alphard, Ipsum na RAV4, ndiyo maana vifaa vyake vimejaa. Mkitoka hapo mtakuwa mmeshajua gari lipi mtaweza kuishi nalo fungate ikiisha. Hesabu hiyo haifanywi na shangazi.

Na wale wanaosema "mwanetu hawezi kutolewa kwa gari lenye ndege", tuwaulize: bibi harusi atakaa ndani ya gari hilo dakika ngapi kutoka nyumbani mpaka ukumbini? Anayeitaka L kwa ajili ya picha aikodi siku moja. Maisha yaliyobaki gari hilo litakuwa linatafuta maegesho mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, katikati ya mikokoteni na bodaboda, na kukwaruzwa hakubagui nembo.

Kuna jambo linalotuudhi zaidi ya yote haya. Tumeona gari likitangazwa mbele ya wazee kuwa ni la bibi harusi, zawadi, wengine wanasema kabisa ni sehemu ya mahari. Vigelegele. Kisha kadi imeandikwa jina la bwana harusi, au la kaka yake, "kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda yadini". Miezi imepita, ndoa imeyumba, mwanamke amerudi kwao na mashuka yake ya Kariakoo, gari limebaki. Akidai anaambiwa hana shukurani.

Mahari ni ya mwanamke. Surat An-Nisaa, aya ya 4, iko wazi kwamba wanawake wapewe mahari yao, na mume anakula humo kile tu ambacho mke mwenyewe amemwachia kwa roho safi. Haijasema apewe baba, wala iandikwe kwa shemeji. Na kwa mliofunga au mtakaofunga ndoa bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mume au la mke huchukuliwa kuwa ni yake huyo peke yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Kwa lugha yetu: jina likiwa la mume, kazi ya kuthibitisha ni yenu. Mkiwa Zanzibar mbele ya Kadhi mtaulizwa ushahidi vilevile, na vigelegele havina risiti.

Kwa hiyo ugomvi wa ndege na L unawafaa sana wasiotaka muulize habari ya jina. Wiki tatu mnabishana nembo, siku ya mwisho kila mtu kachoka, kadi inaandikwa haraka haraka. Hatusemi kila familia ina hila. Tunasema mahari itajwe wazi siku ya kuozesha, gari gani, la mwaka gani, namba gani ya chesisi, na kama ni zawadi tu, nayo iandikwe kuwa ni zawadi na kadi iwe ya anayepewa. Kama ni gari la mume kwa matumizi ya nyumba, vizuri sana, ni haki yake, lisitangazwe kuwa la mke.

Na tofauti ya zile milioni kadhaa? Mwanaume aliyekuwa tayari kuzitoa kwa ajili ya herufi, mwambieni kwa adabu aziingize kwenye mahari, mkononi mwenu. Mtaona haraka kama zilikuwa zinatoka kwa mapenzi au kwa macho ya watu. Kuna wachumba wanaozikopa kwa riba. Hapo sisi hatuna la kuchagua baina ya magari, tunaliacha hilo la mkopo. Anayelazimika kulipa kidogo kidogo aulize murabaha: benki inalinunua gari kwanza, linakuwa lake, kisha inamuuzia kwa bei na faida iliyotajwa tangu mwanzo, haipandi. Amana Bank wapo tangu 2011, na PBZ wana huduma zao za Kiislamu kwa walioko visiwani. Ikiwa benki haijawahi kulimiliki gari hata dakika moja, ulizeni tena, jina la Kiarabu peke yake halitoshi.

Kwa walio na ndugu Dubai au Muscat wanaoahidi "Lexus ya huku": usukani wa huko uko kushoto. Na mnaonunua Dar ili mvushe Unguja, namba za T si namba za Z. Ulizeni TRA na Mamlaka ya Mapato Zanzibar gharama zote kabla ya kulipa, mpate jibu kwa maandishi, na siku ya kuhamisha jina nendeni wenyewe, na kitambulisho chenu, msimtume mtu.