Hadithi za Turkana ni Mali ya Nani?

Katika maandishi mengi ya Kiingereza yanayohusu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, msomaji huarifiwa kwamba jina hilo ni neno la Kiswahili, na kwamba maana yake ni mahali pasipokuwapo. Msemaji yeyote wa Kiswahili, tangu Lamu hadi Kigoma, ajua kuwa neno kama hilo halimo katika lugha yetu. Kakuma ni mji wa Waturkana, nao ulikuwapo kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1992. Hata hivyo uzushi huo umenukuliwa na kunukuliwa tena, kwa kuwa hadithi ya watu waliopotea hupendeza zaidi ikitokea mahali pasipojulikana. Tena ina faida nyingine: mahali pasipo na mwenyewe hapana wa kuombwa ruhusa wala wa kulipwa.

Hapa ndipo lilipo tatizo la mtengenezaji filamu wa kujitegemea wa Lodwar au Kakuma. Yeye hana kampuni kubwa nyuma yake. Ana kamera, ana lugha, ana hadithi. Katika soko la burudani vitu hivi vitatu havina thamani sawa: kamera hukodishwa kwa bei inayojulikana, lakini lugha na hadithi huchukuliwa bure. Aghalabu mwenyeji huyo huajiriwa na wageni awe mkalimani, dereva na mwonyesha njia kwa wakati mmoja, kisha jina lake lisionekane popote filamu inapokwisha.

Tusiseme kwamba wageni wote wametenda vibaya. Miaka ya 1973 na 1974, David na Judith MacDougall walipiga picha miongoni mwa Waturkana, wakatoa filamu tatu, mojawapo ikiitwa Lorang's Way. Jambo kubwa walilofanya lilikuwa la kiisimu. Badala ya sauti ya msimulizi wa Kiingereza kuwafunika wenyeji, waliwaacha wazungumze Kiturkana chao, wakaandika tafsiri chini ya picha. Mzee akawa mtu mwenye hoja na mzaha, si umbo tu la jangwani. Pamoja na hayo, ni rahisi zaidi kuzipata filamu hizo katika maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo kuliko kuziona Lodwar.

Kisa cha pili ni kikali zaidi. Vijana wa Sudan waliokimbia vita wakafika Kakuma mwaka 1992 wamekuwa mada ya filamu kadhaa, zikiwemo Lost Boys of Sudan ya mwaka 2003 na God Grew Tired of Us ya 2006. Mwaka 2014 ikatoka The Good Lie, iliyoongozwa na Philippe Falardeau wa Kanada, naye Reese Witherspoon akiwa nyota wake. Sehemu za Afrika katika filamu hiyo zilipigwa Afrika Kusini. Hata vumbi la Kakuma halikupata ajira. Mwaka uliofuata wakimbizi 54 waishio Marekani walifika mahakamani huko Georgia. Walidai kwamba miaka mingi nyuma walisimulia maisha yao mbele ya vinasa sauti, na kwamba masimulizi hayo yalitumiwa kuandika mchezo wa filamu. Kwa hiyo nao ni watunzi. Waliotengeneza filamu walipinga, lakini mwaka 2016 jaji alikataa kuitupilia mbali kesi yote katika hatua ya awali.

Maana ya shauri hilo yatuhusu sana. Sheria za hakimiliki zimezoea kumtambua aliyeandika. Sisi tunatoka katika jamii ambamo aliyesema ndiye mwenye neno. Bibi wa Lodwar akisimulia ukame uliomaliza mbuzi wake, hakutoa malighafi tu. Amechagua la kutangulia na la kufuata, amepima pahali pa kunyamaza, amepanga. Hiyo ni kazi ya utunzi, hata kama mkono wake haujashika kalamu.

Je, wenyeji wakishika kamera wenyewe, mambo hunyooka? Kwa kiasi. Tangu mwaka 2001 shirika la FilmAid limekuwa likionyesha sinema usiku kambini Kakuma na kuwafunza vijana kupiga na kuhariri picha. Wapo waliopata ufundi ambao wasingeupata kwingineko. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mwenye kujaza mkono ndiye achaguaye chakula. Filamu inayogharimiwa na shirika la misaada huagizwa ifundishe: kunawa mikono, kujikinga na maradhi, kuishi kwa amani. Hayo ni mema. Hata hivyo, msanii asiyeruhusiwa kufanya mzaha, kupenda, au kumlaumu mfadhili wake, hajawa msanii wa kujitegemea. Tena fedha hizo si za kutegemewa. Mwaka 2025 misaada ilipopunguzwa, hata mgao wa chakula Kakuma ulikatwa. Chakula kikikosekana, nani atakumbuka kamera?

Upande wa serikali nako kuna ukuta. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru, nayo yamtaka mtu apate leseni kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Turkana yaijua sana desturi ya ruhusa: wakoloni waliifanya wilaya iliyofungwa, na Jomo Kenyatta alizuiliwa Lodwar kati ya 1959 na 1961. Uhuru haukuiondoa hofu ya sanaa katika lugha za wananchi. Mwaka 1977 mchezo wa Kikuyu wa Kamirithu ulinyang'anywa leseni, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini.

Watakuwapo wa kusema kwamba filamu ya Kiturkana haina soko, kwa kuwa sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 pekee katika kaunti nzima. Hesabu hiyo yapotosha. Kiturkana ni ndugu wa karibu wa Kikaramojong cha Uganda, Kitoposa cha Sudan Kusini na Kinyangatom cha Ethiopia. Wasemaji wake huelewana kwa kiasi kikubwa. Mipaka ya nchi nne haikulikata soko hilo. Sisi ndio hatujalitazama. Barabara ya River Road jijini Nairobi iliuza vichekesho vya Kikuyu kwa wingi bila kungoja tuzo za Ulaya. Naye Ousmane Sembène wa Senegal aliigeukia sinema ili awafikie wasiosoma vitabu, na mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolof. Kiswahili kina nafasi yake: kiandikwe chini ya picha ili Mombasa na Mwanza zielewe. Kisiwafunike wasemaji.

Nini kifanyike? Kwanza, mkataba wa kila anayehojiwa usomwe kwa lugha yake, na ueleze nini kitalipwa filamu ikiuzwa. Pili, mkalimani atajwe na kulipwa kama mtaalamu, kwa kuwa bila yeye mwongozaji mgeni ni bubu. Tatu, nakala ya kila filamu iliyopigwa Turkana ibaki Lodwar na ionyeshwe kwa wenyeji. Nne, serikali ya kaunti itenge fedha kwa watengenezaji wake, nayo isidai kusifiwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wenye kamera wamekuja Turkana kwa zaidi ya nusu karne. Ni haki kuuliza mwenyeji amepona nini.