SEVISI JUU YA BOSI, MAUMIVU JUU YA NANI?

Ile stori ya mpangaji na binti wa mwenye nyumba niliyowaahidi itabidi isubiri kidogo. Wiki hii nyumbani kwa dada yangu kuliwaka moto, na mimi ndiye niliyeitwa kuuzima. Msije mkafikiri ni moto wa fumanizi. Ni moto wa oili ya gari.

Kisa chenyewe ni hiki. Shemeji yangu amekuwa deiwaka kwa muda mrefu, anaendesha magari ya watu humu Dar, leo IST ya huyu, kesho Passo ya yule. Tangu usafiri wa kuita gari kwa simu uingie hapa mjini mwaka 2016, kazi hiyo imewapa vijana wengi mkate. Juzi kati akapata zali. Mama mmoja mwenye magari yake kadhaa akamwambia, "Baba, wewe nakuona mtulivu, njoo nikupe gari la mkataba."

Kwa wale ambao hawajui mambo ya mjini, ngoja niwape darasa la dakika moja. Kuna gari la hesabu na gari la mkataba. La hesabu, unampelekea bosi pesa yake kila siku au kila wiki, na gari ni lake mpaka kiama. La mkataba, unapeleka pesa kubwa zaidi kwa muda mliokubaliana, ukimaliza anakupa kadi, gari linakuwa lako. Ndiyo maana dereva akipata mkataba anatembea kama kaoa upya.

Sasa huyo mama alikuja na karatasi ya kurasa mbili yenye njia mbili za kuchagua. Njia ya kwanza: shemeji alete 210,000 kila wiki kwa wiki 104, yaani miaka miwili, na matengenezo yote ajitegemee. Njia ya pili: alete 245,000 kila wiki, na "sevisi juu ya bosi". Gari ni Toyota IST ile ya zamani, ya kwanza kutoka.

Shemeji akaipenda ya pili papo hapo. Dada akanuna. Wakazozana siku tatu, na siku ya nne nikapigiwa simu, eti kwa kuwa mimi nimefika Form Four na naandika gazetini, basi kusoma mikataba ndiyo fani yangu.

"Shem," akaniambia shemeji wakati dada yuko jikoni, "wewe ni mwanaume mwenzangu, nikuambie kweli. Mimi pesa ikilala mfukoni siku tatu inaota miguu. Sasa hiyo ya oili nitaitunzaje? Bora mama achukue, mimi nilale usingizi."

Ukweli usemwe, hoja hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Magari mengi ya mkataba hayauawi na barabara mbovu. Yanauawa na dereva anayesema "nitamwaga oili wiki ijayo", wiki ijayo mtoto anaumwa, ile nyingine kuna msiba, akija kushtuka injini imenoki. Kijiweni kwao yupo kaka mmoja alifika mwezi wa 17 wa mkataba wa miezi 24. Injini ikaanza kugonga, akawa hana pesa ya kununua nyingine, hesabu ikalala wiki tatu, bosi wake akaja na ufunguo wa akiba asubuhi na mapema akaondoka na gari. Miezi 17 imekwenda na maji. Leo jamaa anaendesha bodaboda ya mtu, na ukimuuliza habari za IST anakutazama kama umemtukania mama yake.

Dada naye akatoka jikoni na kikokotoo cha simu. "Tofauti ni elfu 35 kwa wiki. Mara wiki 104 ni milioni tatu, laki sita na elfu 40. Hiyo ni oili gani, ya kukaangia?"

Nikaona hapa maneno hayasaidii. Kesho yake nikapanda daladala mpaka Gerezani kwa fundi mmoja ninayemfahamu, mzee wa maneno machache na mikono myeusi. Nikamkalisha tukapiga hesabu juu ya boksi la filta.

Shemeji anatembea kama kilometa 150 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni kilometa 900 kwa wiki, na kwa wiki 104 ni kilometa 93,600. Msomaji, hiyo ni zaidi ya kuizunguka dunia mara mbili, yote kati ya Mbagala, Mwenge na Tegeta! Fundi anabandika kibandiko cha kubadili oili kila kilometa 5,000, kwa hiyo hiyo ni mara 19 mpaka mkataba uishe. Injini ya IST inakula chini kidogo ya lita nne. Galoni moja, filta na mkono wa fundi, tukaweka 90,000 kwa bei aliyonipa yeye siku hiyo. Mara 19 inakuja 1,710,000. Breki pedi za mbele, mara nne kwa elfu 50, ni laki mbili. Plagi seti moja, laki. Ea klina mara nne, elfu 80. Oili ya giaboksi mara mbili, 240,000. Jumla 2,330,000.

Ukiitoa kwenye ile 3,640,000 inabaki 1,310,000. Shemeji, ambaye nilikuwa nimempigia simu asikilize, akasema, "Si umeona? Hiyo iliyobaki ndiyo ya shokapu na bushi na mambo mengine."

Ndipo fundi akaomba aione ile karatasi. Akaisoma polepole, midomo ikicheza. Ukurasa wa kwanza mtamu: oili, filta, breki pedi, plagi, ukaguzi kila mwezi, na "kubadilisha timing belt bure kwa wakati wake". Mzee akacheka mpaka akavua miwani.

"Kijana, hii gari haina taimingi belti. Injini ya IST hii, iwe ya 1NZ au 2NZ, inatumia cheni. Unapewa zawadi ya kitu ambacho hakipo!"

Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Akanifafanulia kwamba mkanda upo, lakini ule wa nje unaozungusha alteneta na wenzake, ambao ni bei ya kawaida tu. Ile kazi kubwa ya kufungua mbele ya injini na kubadili belti kila baada ya kilometa laki moja, waliyoizoea wenye magari ya zamani, kwa injini hii haipo. Cheni yake ukiipa oili safi inakaa sana. Ukiichelewesha oili, inalegea na kuanza kulia asubuhi unapowasha. Kwa hiyo tunarudi palepale kwenye oili.

Ukurasa wa pili ndio wenyewe. Maandishi madogo kama mayai ya chawa. Visivyohusika: matairi, betri, shokapu, bushi, boli jointi, rejeta, kompresa ya eisii, giaboksi, injini, "na uharibifu wowote utokanao na uzembe wa dereva". Yaani vile vyote ambavyo barabara zetu zinavitafuna, dereva anabeba mwenyewe. Ile 1,310,000 ya shokapu na bushi ambayo shemeji aliihesabia tayari, haimo. Na hilo neno uzembe, nani anaamua uzembe ni nini? Injini ikichemsha utaambiwa hukuangalia maji. Ukisema niliangalia, utaambiwa uliweka maji ya bomba badala ya kulenti.

Nikafikiri tumemaliza, nikaanza kukunja karatasi. Mzee akanishika mkono.

"Swali moja. Mwezi wa 20 wa mkataba, huyo mama atakuwa na hamu ya kuweka oili nzuri kwenye gari ambalo miezi minne ijayo siyo lake?"

Jamani! Hilo hakuna aliyeliwaza nyumbani, si dada na kikokotoo chake wala mimi na Form Four yangu. Fikiria mwenyewe. Gari la hesabu ni mali ya bosi leo na kesho, likifa amekufa nalo, kwa hiyo ana sababu ya kulilea. Dereva ndiye hana uchungu. Pale sevisi kuwa juu ya bosi ni haki kabisa, na dereva akiambiwa achangie kidogo asikatae. Kwenye mkataba mambo yanageuka. Kila wiki inayopita gari linazidi kuwa la dereva na kupungua kuwa la bosi. Mwisho wake anayechagua oili ni mtu asiyelala na maumivu ya injini. Sisemi mama yule angefanya hivyo, simjui moyo wake. Nasema karatasi yake inamruhusu.

Huko Uingereza, kampuni za kukodisha magari kwa mwezi nazo humuuliza mteja kama anataka kulipia matengenezo pamoja na kodi. Lakini wao mara nyingi wanapewa gari jipya kabisa lenye waranti, halifikishwi kwenye ukaguzi wa lazima mpaka litimize miaka mitatu, na muda ukiisha linarudi kwa wenyewe. Sisi tunapewa gari lililokwisha kuzunguka Japani miaka na miaka, tunalimalizia hapa, halafu tunakaa nalo. Usiige tembo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halikuandikwa popote, na kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote. Sevisi ni lazima ifanyike gereji ya bosi, na gereji hiyo haifungui Jumapili. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo shemeji haendeshi. Gari likilala gereji Jumatatu na Jumanne, nani analipa hesabu ya siku hizo? Nilitafuta kurasa zote mbili, kimya. Kwa mkataba ambao ukichelewesha wiki tatu unanyang'anywa gari, kimya cha namna hiyo kinatisha.

Basi bwana, Jumapili tukaenda kwa mama, watu watatu. Nilitegemea vita. Mama wa watu akatukaribisha soda, akasikiliza, tulipofika kwenye taimingi belti akaangalia chini kisha akacheka mwenyewe. Kumbe karatasi aliinakili kwa rafiki yake mwenye magari ya aina nyingine. Akasema shida yake yeye ni moja: amewahi kurudishiwa gari limekauka oili kama sufuria ya ubwabwa, ndiyo maana akabuni hiyo njia ya pili. Hapo nikamwelewa. Kumbe woga wake na wa dada yangu ni uleule.

Tukakubaliana hivi. Shemeji analipa 210,000 na kufanya sevisi mwenyewe kwa fundi anayemtaka. Kuna daftari la sevisi, kila oili inayomwagwa inaandikwa kilometa na tarehe na risiti inagandishwa, na mama ana haki ya kuvuta kile kijiti cha kupimia oili siku yoyote atakayo. Akikuta daftari limeruka, kuanzia wiki hiyo ni 245,000 na gari linahamia gereji yake. Hesabu ya siku za gereji akakubali kuisamehe mara moja kwa mwezi, isizidi siku mbili. Dada alitaka siku nne. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

Likabaki lile la pesa kuota miguu. Shemeji mwenyewe ndiye aliyetoa jibu, na nampa heko zake. Zile elfu 35 za tofauti zinatolewa kila Jumamosi jioni, kabla ya kitu kingine chochote, na zinaingia kwenye simu ya dada, laini ambayo namba yake ya siri anaijua dada peke yake. Wiki sita ni laki mbili na elfu kumi, oili inamwagwa, na zaidi ya nusu inabaki ikisubiri matairi na shokapu.

Jumamosi hii gari linakwenda Gerezani kwa sevisi yake ya kwanza. Dada ameshanunua kitenge kipya wiki iliyopita, anasema ni pesa ya kijumbe. Shemeji ameniuliza mara mbili kama nina uhakika.